Jino la Mtu na Jino la Nguruwe

Vijana mliobaki pale ofisini, kwanza kabisa: ile tupa ndefu yenye mpini wa mninga msiitupe. Najua imeisha makali upande mmoja. Upande wa pili bado unakula vizuri, na punda wa Tabora hawaulizi kama tupa ni mpya au kuukuu. Hilo likishaeleweka naweza kuendelea na mengine.

Nimestaafu mvua zilipoanza, na tangu hapo nashinda hapa Chemchem bila mnyama hata mmoja wa kumfungua kinywa. Mke wangu amechoka kusikia habari za kazini. Ndiye aliyeniambia niandike, wasome wenye kazi yao, yeye apumzike. Nilianza kazi ya mifugo Mwingereza akiwa ndiye mwenye nchi, nimeiacha bendera yake ingali juu ya boma, ingawa sokoni siku hizi watu wanazungumza mengine. Ya vyeo sitaandika. Vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika habari za meno, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoijua, na kwa kuwa kuna jino moja ambalo mpaka leo sijalisahau.

Nyumbani kwetu, upande wa Sikonge, hatukufuga ng'ombe. Mbung'o walikuwa wengi mno. Sisi tulilima, tukaenda kanisani, tukarina asali. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoambiwa nimshike maksai puani nikamtazama kinywani, niliruka nyuma nikapiga kelele, "Huyu kang'olewa meno ya juu!" Watu wote zizini walicheka. Mzee Feruzi peke yake hakucheka. Alinishika mkono, akaingiza vidole vyangu ndani ya kinywa cha yule maksai, akavipitisha kwenye ufizi wa juu.

"Umesikia nini?"

"Ufizi, Mzee. Mgumu kama ngozi ya kiatu."

"Basi. Mungu hakumpa meno ya mbele ya juu, alimpa hicho. Chini ana meno manane. Anazungusha ulimi kwenye majani, anayabana hapo, anachana. Sasa umejua, nenda kanawe."

Mzee Feruzi alikuwa mwenyeji wa mtaa wa Gongoni hapa mjini, mtu wa kanzu safi hata siku za kuogesha ng'ombe kwenye josho. Baba yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliokwenda na kurudi kati ya Ujiji na pwani wakati barabara yetu hii ilikuwa kijia tu cha miguu ya watu. Yeye mwenyewe alizaliwa Tabora, akaanza kazi na Wajerumani, vita vilipoisha akaikuta kazi ileile iko palepale, mabwana tu ndio wengine. Kwenye chumba cha nyuma, penye harufu ya dawa ya josho, alikuwa na benchi refu, na juu yake mafuvu aliyoyachemsha na kuyasugua kwa jivu mwenyewe: ng'ombe, punda, mbwa, fisi, chui, nungu, nguruwe pori.

Alinifundisha kwenye benchi lile. Hakupenda nimtajie jina la mnyama. "Jina hata mtoto analijua," alikuwa akisema. "Niambie huyu alikula nini." Basi nilifumba macho nikapapasa. Magego ya ng'ombe na punda ni mapana, yana mistari iliyoinuka kama jiwe la kusagia lililochongwa upya, na taya lao huenda pembeni, kulia na kushoto. Taya la chui haliendi pembeni hata ukilivuta kwa nguvu. Hufunguka na kufunga tu, na meno yake ya nyuma hupishana kama mkasi. Nilidhani fisi ni chui mwenye sura mbaya, mpaka nilipogusa meno yake. Ni manene, mafupi, yamekaa kama vichwa vya nyundo, maana yeye chakula chake ni ule mfupa ambao chui ameuacha. Nungu ana patasi mbele, mbili juu na mbili chini, za rangi ya chungwa, na haziachi kukua. Asipotafuna mti zinamzidi kinywa.

Siku moja nilimuuliza mbona hana fuvu la tembo. Akasema benchi halitoshi. Kisha akachukua fuvu la mbwa, akaanza kulisugua, akasema, "Baba yangu alibeba jino la tembo kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Bega lake liliota sugu, sisi watoto tulikuwa tukilikalia."

"Pembe, Mzee?"

"Pembe inaota kichwani. Ile inaota kwenye taya. Watu wote waliopita njia hii walibeba meno, wengine wakafa chini yake, na jina lake hawakulijua." Alisema hivyo bila uchungu, akiendelea kusugua fuvu la mbwa.

Namkumbuka mzee yule kila asubuhi. Nikisikia mtu anakohoa nje nageuka, nikidhani ni yeye.

Sasa niwaambie habari za Nyamizi.

Alikuja ofisini siku ya soko, akimvuta punda wa kijivu. Alikuwa mwanamke mrefu, kitenge amekifunga sawasawa, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Kijiji chake kiko kandokando ya ile njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Sitakitaja, watu wake bado wapo. Alileta mihogo na karanga mjini kwa punda huyo, na punda alikuwa amekonda mbavu zote zinahesabika.

"Shikamoo, Mzee," alimwamkia Mzee Feruzi.

"Marahaba, mwanangu. Ana nini?"

"Anatafuna, halafu anatema. Majani yote anayarudisha chini, yamekuwa mabonge."

Mzee alinitazama tu, akatoka kwenda kuswali adhuhuri. Ndivyo alivyokuwa akinipa kazi.

Nyie mnalijua tatizo lile, lakini andikeni akilini: taya la juu la punda ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego ya juu huisha upande wa ndani tu, na upande wa nje hubaki ukingo mkali kama wembe. Kila akitafuna anajikata mashavu. Nilimwambia Nyamizi amshike punda masikio, nikauvuta ulimi wake pembeni, kwa sababu punda hawezi kufunga kinywa juu ya ulimi wake mwenyewe, nikaanza kupiga tupa. Punda alitusukuma wote wawili ukutani. Nyamizi alicheka. Alicheka kwa sauti kubwa, kichwa nyuma, hakuyaachia masikio, na mimi nikiwa na mkono mpaka kiwiko ndani ya kinywa cha punda nilijua kwamba nimepatikana.

Punda alinenepa. Nyamizi aliendelea kumleta siku za soko. "Mtazame tena," alikuwa akisema, nami nilimtazama tena, kinywa hakina kasoro yoyote. Kisha tulikaa kwenye gogo la nje, tukila karanga, tukizungumza. Aliniambia mumewe, Maganga, alikwenda kukata mkonge upande wa Tanga pamoja na wenzake. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, wala hakutuma salamu. Wengine walisema alihama shamba, wengine walisema aliugua njiani akashuka kwenye treni.

"Nyumbani wananiambia kafa," alisema. "Kulwa, mdogo wake, anataka anirithi. Si mtu mbaya. Lakini mimi simtaki."

"Na ukijua kwa hakika kwamba Maganga amekufa?"

Alimenya karanga, akanipa. "Aliyefiwa anaweza kurudi kwao. Baba yangu bado ana nguvu, angenipokea, na kutoka kwa baba yangu ningekwenda ninakotaka mwenyewe." Alinitazama. "Lakini aliyeachwa hana pa kwenda. Anakaa anatazama barabara."

Hatukuambizana zaidi ya hapo. Hakuwa mtu wa kuvunja neno alilompa mumewe, nami sikumwomba alivunje. Lakini siku za soko nilifua shati langu mapema.

Kiangazi kile tulitumwa kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa sotoka katika vijiji vya njia hiyo. Tulikwenda kwa baiskeli, Mzee Feruzi mbele, kanzu ameikunja kiunoni. Tulipokaribia kijiji cha Nyamizi tulisikia vilio. Uwanjani kwa Maganga watu walikuwa wamekaa matanga. Nyamizi alikuwa amekaa chini katikati ya wanawake, amenyolewa nywele.

Jumbe wa kijiji alitupokea, akatueleza. Warina asali walikuwa wameingia porini baada ya moto kupita. Kwenye majivu, karibu na korongo, waliokota kipande cha taya chenye magego mawili, mifupa midogo midogo, na pembe ya blanketi iliyoungua. Korongo hilo liko pembeni mwa njia ya kutoka stesheni. Basi wazee waliunganisha: Maganga alikuwa anarudi kwa miguu, akashikwa na ugonjwa au na simba. Kesho yake wangezika taya lile, na matanga yakiisha wangezungumza habari za urithi.

"Tuonyesheni," alisema Mzee Feruzi.

Walilileta limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilisogea. Lilikuwa limevunjika pande zote mbili, jeusi kwa moshi, na yale magego mawili yalikuwa na vilima vya mviringo, vifupi, vilivyochakaa. Yeyote kati yenu angesema ni ya mtu. Ukiacha nyani na jamaa zake, kati ya wanyama wote tunaowajua hapa hakuna ambaye gego lake linafanana na letu kama nguruwe, kwa sababu yeye na sisi tunakula kila kitu, mizizi, matunda, nyama, na kila anayekula kila kitu anahitaji jino la namna hiyo, la kuponda. Nililijua hilo kutoka kwenye benchi. Na nilijua pia kwamba kwa kutazama juu tu hakuna mtu pale, hata mimi, anayeweza kuapa.

Mzee Feruzi alilishika, akapitisha kidole gumba juu ya meno, mara moja tu. Kisha akaniwekea mkononi.

"Macho yangu siku hizi hayafai," aliwaambia wazee. "Kijana wangu atazame, aseme yeye."

Nililishika lile taya mbele ya watu wote. Gego moja lilikuwa linacheza. Kulwa alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, na Nyamizi alikuwa amenyanyua kichwa chake kilichonyolewa, ananitazama. Sitaficha. Nilifikiria gogo la nje ya ofisi. Nilifikiria baba yake, na njia ya kwenda kwa baba yake, na mimi nimeishika baiskeli nikielekea huko na wazee wangu. Kilichohitajika ni mimi kusema "ndiyo", au hata kukaa kimya tu, na watu wale wote wangelizika taya lile kwa heshima na kunishukuru.

Nilililegeza gego, nikalivuta. Lilitoka.

"Gego la mtu la taya la chini lina mizizi miwili," nilisema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Hili lina minne. Hesabuni wenyewe. Huyu ni nguruwe pori."

Watu walipiga kelele. Mzee mmoja alisema tunawadharau wafu. Nikauliza kama kuna mtu aliyeua nguruwe shambani hivi karibuni. Alikuwepo. Kichwa kilikuwa kimetupwa nyuma ya ua wake kwenye miiba, siafu walikuwa wameshakisafisha. Kililetwa, nikakiweka chini, nikaweka lile taya pembeni yake. Walipita mmoja mmoja, wakainama, wakatazama. Nikang'oa gego la taya la chini la kile kichwa pia, nalo lilisimama mkononi mwangu kwa miguu minne kama kigoda.

"Na blanketi?" aliuliza jumbe.

"La blanketi silijui, baba. Nimeulizwa jino."

Matanga yalivunjika hivyo, bila mtu kutangaza. Waliokuwa wanapika waliipua vyungu. Kulwa alikuja akanishika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa analia, sikujua kama ni furaha ya ndugu yake au ni kingine, na labda hata yeye hakujua. Nyamizi alinyanyuka, akajifunga kitenge upya, akaingia ndani. Hakunishukuru wala hakunilaumu.

Tuliondoka bado jua liko juu. Penye mchanga mwingi tulishuka, tukakokota.

"Mzee," nilimwambia, "ulijua."

"Nilijua kabla sijalishika."

"Mbona hukusema mwenyewe?"

Alisimama akafuta jasho kwa ncha ya kilemba. "Kila siku ya soko nakuona unafua shati. Ningesema mimi, ungeishi miaka yako yote ukiamini kwamba Feruzi ndiye aliyekunyang'anya. Ungenichukia, na ningekuwa sina la kujibu." Alishika tena usukani. "Twende. Ng'ombe wa mbele hawajachanjwa."

Nyamizi hakuja tena ofisini. Mihogo yake aliiuza kwa kumtuma jirani. Nilikuwa natazama mlango siku za soko, natoa visingizio vya kwenda sokoni kutazama punda, na punda wa kijivu wa Tabora ni wengi kuliko nilivyodhani. Mzee Feruzi alinipa kazi nyingi tu, na jioni alinipitisha nyumbani kwake Gongoni, mkewe akanipa uji wa tangawizi.

Kisha mvua zilizofuata, asubuhi moja, mwanamume mwembamba aliingia uani anamvuta punda ninayemfahamu. Alikuwa na kikohozi, na mkono wa kushoto ulikuwa umepungua vidole viwili.

"Mwangaluka," aliniamkia kwa lugha ya nyumbani, nami nikamrudishia hivyohivyo. Akanitazama vizuri. "Nasikia wewe ndiye uliyekataa kwamba mimi ni nguruwe."

Alikuwa Maganga. Mashine ya mkonge ilimkata, akalazwa muda mrefu mbali na wenzake, kisha aibu ya mkono ule ikamzuia kurudi mikono mitupu. Alinieleza yote hayo akimshikilia punda masikio, na mimi nikipiga tupa. Alikuwa mcheshi. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alipoondoka aliniachia mfuko wa karanga, akasema mkewe ndiye aliyezifunga. Sikuzila siku ile.

Mzee Feruzi aliacha kazi, na macho yake yakaisha kweli. Nilikuwa nampelekea mafuvu mapya nyumbani, anayapapasa, anatabasamu. "Huyu alikula nini?" nilimuuliza, yeye akanijibu. Alipofariki tulimzika Tabora, karibu na baba yake. Nami nilioa. Mama wa watoto wangu ni mtu mwema, na haya yote anayajua, amekwisha kuyacheka mara nyingi kuliko mimi.

Kabla sijastaafu niliomba safari ya mwisho ya njia ile, peke yangu. Niliwakuta vijana wanachunga palepale tulipokokota baiskeli kwenye mchanga. Kijijini nilikuta nyumba ya bati, na Nyamizi amekaa kivulini anapepeta mtama. Nywele zimekuwa nyeupe, na meno yake mawili ya mbele hayapo. Alinijua kabla sijashuka. Alinipa kigoda, akanipa maji, tukaulizana habari za watoto. Kalunde, mtoto wao wa kwanza, ameshaolewa Nzega. Tulizungumza habari za mvua.

Kisha akaacha kupepeta.

"Siku ile ulikawia kusema," aliniambia.

"Nilikuwa nahesabu mizizi."

"Mizizi minne haihitaji muda ule."

Alinitazama kwa upole, muda wa kutosha, kisha akainuka, akageukia shamba, akaita kwa sauti ileile kubwa, kichwa nyuma:

"Baba Kalunde! Njoo huku. Mgeni wako amefika."

Nami nikasimama, nikavua kofia, nikamngoja.